Nimejiuzulu, Nibembelezeni

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Ninajiuzulu.

Nieleze, maana hata shajara inapaswa kueleweshwa. Kuna kujiuzulu kwa mtu aliyechoka: huyo huenda zake. Na kuna kujiuzulu kwa mtu anayethaminiwa: huyo husogea hatua mbili kuelekea mlangoni, akashika kitasa, akasubiri kuvutwa shati arudi. Mimi ni huyu wa pili.

Kisa chenyewe. Mwaka wa sita huu ninasimamia Baraza la Vifaa, kundi la mtandaoni la watu wanaoishi na vifaa vya kuwasaidia: fimbo nyeupe, viti vya magurudumu, simu zinazowasomea wasioona, mashine za masikio kama hizi zangu mbili. Wanachama elfu moja na ushei. Kazi ya kujitolea. Ninafuta matusi, ninaamua ugomvi, ninawakumbusha watu kuweka nukta. Kanuni zote kumi na moja nimeziandika mimi.

Jana nilibandika makala: "Mashine ya Sikio na Adui Zake: Maji, Joto na Mfuko wa Shati." Aya kumi na nne. Za utafiti! Hadi leo asubuhi imepata kopa moja, yaani kile kimoyo chekundu ambacho watu hubonyeza wakipenda jambo. Nimekichunguza. Ni changu mwenyewe, kidole kiliteleza. Jana hiyohiyo Fundi Magurudumu, ambaye hutengeneza viti vya magurudumu akiwa ameketi katika kimoja, aliandika sentensi mbili juu ya breki inayolia. Makopa mia mbili na kumi na sita! Na sentensi ya pili haikuwa na kitenzi.

Vidole vyangu vimekakamaa kwa baridi yabisi, lakini barua ya namna hii haichapwi. Nikatoa kalamu ya wino. Saa tatu nzima. Tone moja likaruka, likatua kwenye shati, juu kidogo ya mfuko. Mke wangu, mkunga mstaafu, akasema nivue shati aliloweke kabla wino haujakauka. Nikamwambia historia haivui shati katikati ya kazi. Akasema basi historia ijifulie yenyewe.

Saa kumi jioni nimeipiga barua picha, nimeibandika. Nimeshika kitasa. Ninasubiri kuvutwa.

Jumanne, 4 Juni

Kimya.

Hakuna hata neno moja. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wamepigwa na butwaa. Mtu aliyefiwa halii papo hapo. Kwanza huulizia vitu vidogovidogo. Na kweli, wanaulizana vitu vidogovidogo: nani anajua kuziba pancha ya tairi la mbele, simu gani inasoma Kiswahili bila kujing'ata ulimi. Maskini. Wanajikaza.

Fundi Cherehani, naibu wangu, amewasalimu watu kwa uchangamfu kama kawaida yake. Binti huyu haoni tangu utotoni. Hushona magauni ya harusi kwa kupapasa, na sijasikia mshono wake uliokwenda upogo. Usimamizi nimemfundisha mimi. Uchangamfu wa leo nadhani ni wa kujilazimisha.

Nimefungua simu mara arobaini. Mke wangu ameuliza kama ninasubiri matokeo ya mtihani. Kisha ameulizia shati. Bado ninalo mwilini. Ni shati la tukio.

Jumatano, 5 Juni

Fedheha! Barua haipo! Ilifutwa Jumatatu ileile, dakika kumi baada ya kuibandika!

Taarifa nimeikuta kwenye kisanduku cha ujumbe, ambacho huwa sikifungui kwa kuwa kimejaa malalamiko. "Ndugu mwanachama, picha yako imeondolewa. Kanuni ya Nne: picha isiyo na maelezo ya maandishi ni mlango uliofungwa usoni pa asiyeona. Ukirudia, utafungiwa. Ndimi, Msimamizi Mkuu." Mlango uliofungwa usoni! Maneno makali lakini yamepangika. Niliyasoma mara mbili kwa raha kabla ya kukumbuka kwamba aliyeitunga barua hii ya kuwatumia wakosaji ni mimi, na ndugu mwanachama pia ni mimi.

Nieleze Kanuni ya Nne. Simu ya asiyeona humsomea maandishi kwa sauti. Ikikutana na picha, hata kama ni picha ya maandishi, husema tu "picha", ikapita. Nusu ya wanachama wetu hawaoni. Kwa hiyo barua yangu ya saa tatu, kwao, ilikuwa neno moja.

Fundi Cherehani ameniandikia kwa upole. Shikamoo Mwalimu, ameona haya kumfutia mkubwa wake, lakini si mimi niliyemfundisha kwamba kanuni haina mjomba? Akaomba niibandike tena, safari hii na maelezo.

Nikaandika maelezo. Maneno themanini: rangi ya wino, uzito wa karatasi, mwinamo wa herufi, jinsi mkia wa y unavyojikunja kama shingo ya bata. Ndani ya saa moja, makopa ishirini! Pongezi! Mmoja akauliza kama ninafundisha mwandiko. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimeeleza kila kitu kilichomo kwenye barua isipokuwa ilichosema.

Nikachapa kwa kidole kimoja: Ninajiuzulu usimamizi.

Makopa mia tatu na manne. Sijapata kuyaona maishani! Asante Mwalimu, pumzika. Umefanya kazi, baba, sasa nyoosha miguu. Hatimaye na wewe utalala. Fundi Magurudumu akaandika kwamba breki nzuri ni ile inayojua wakati wa kushika. Nimeisoma mara sita. Ina kitenzi, tena chenye makali. Wakakubaliana palepale kwamba Fundi Cherehani apokee funguo za Baraza Jumapili.

Hakuna aliyevuta shati. Hata mmoja!

Hapa niko peke yangu, nitasema kweli. Tangu nistaafu shule, hakuna mahali pengine ninapoitwa Mwalimu na watu wakatulia wasikilize. Jumapili hata hapo patafungwa. Nitabaki mzee wa nyumba hii, anayeulizwa shati liko wapi.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango! Nimefungua akaunti mpya. Jina: Mwanachama wa Kawaida. Kazi yake ni kubembeleza kwa niaba ya wale wengi ambao bado hawajui kwamba wanataka kubembeleza.

Vidole viligoma, kwa hiyo niliamua niseme, simu iandike. Sasa, mvaaji wa mashine za masikio hawezi kuhutubia akiwa nazo. Sauti yake mwenyewe inamvumia kichwani kama yuko ndani ya pipa. Nikazitoa, nikazitia mahali pake. Joto nalo lilizidi. Nikavua shati, nikalitundika kwenye kiti. Nikasimama, nikahutubia. Katikati ya hotuba mke wangu akapita na beseni, akapanua mdomo. Nikaitikia kwa kichwa. Huwa ninaitikia. Asiyesikia akiuliza "nini?" mara tatu ni kero, akiitikia mara moja ni muungwana. Nikatuma bila kusoma. Miaka thelathini na minne nimesahihisha insha za watu, yangu nisahihishe ya nini?

Majibu yakamiminika. Nikafurahi. Kisha nikayasoma. Toa mashine kwenye maji! Beseni, Mwalimu, beseni! Mwalimu kimbia! Nikadhani ni mzaha, au uasi. Na wamejuaje kuwa ni Mwalimu? Si mimi ni Mwanachama wa Kawaida? Ndipo nikarudi kuangalia nilichotuma. Ninakinakili kilivyo:

"ndugu zangu mimi ni mwanachama wa kawaida kabisa ninatoa machozi msimamizi huyu akiondoka tutakuwa kama kondoo baba watoto nalichukua hili shati mashine zako hazimo mfukoni eti nisije nikaziloweka haya umeitikia mwenyewe hazimo usije ukanilaumu kondoo wasio na mchungaji mwenye mwandiko kama ule"

Zilikuwemo.

Nilikimbia uani kifua wazi. Beseni, povu, wino ukielea, na mfukoni mashine zangu mbili zikitoa viputo. Mke wangu alikuwa akisema maneno mengi sana. Sikusikia hata moja. Neema pekee ya siku ya leo.

Barazani Fundi Magurudumu alikuwa ameshashika usukani. Toa betri. Futa kwa kitambaa kikavu. Usizitie kwenye mchele, mchele una vumbi. Usizianike juani. Tafuta boksi la viatu vipya, humo mna kale kapakiti ka chembechembe zinazonyonya unyevu. Weka vyote kwenye kopo lenye kifuniko, usifungue hadi Jumamosi. Mke wangu alitoa viatu vyake vya harusi ya binti yetu, ambavyo alikuwa amevitunza na pakiti yake. Nikamuuliza Fundi ameyajulia wapi haya, yeye na magurudumu yake. Akajibu: kwenye makala yako, Mwalimu, aya ya tisa.

Nikaifungua. Kweli! Watu mia sita wameisoma leo. Makopa mia mbili na kumi na saba. Moja zaidi ya breki!

Nani alisema mipango yangu haizai matunda?

Ijumaa, 7 Juni

Kopo halijafunguliwa. Dunia imekuwa pamba. Mke wangu ananiandikia kwenye daftari la sokoni. Leo aliandika: ulikuwa unataka kubembelezwa, si ungesema? Ningekubembeleza mimi. Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake: mara moja.

Baraza linaulizia mashine kila saa, kama watu wanaoulizia mgonjwa. Mwanachama wa Kawaida hatajwi. Amefungiwa kimyakimya chini ya Kanuni ya Saba: mtu mmoja, akaunti moja. Barua ya kumfungia ni ile niliyoitunga mwaka juzi, na imetiwa saini: ndimi, Msimamizi Mkuu. Bado nina mamlaka, basi.

Jumamosi, 8 Juni

Kopo limefunguliwa. Ya kushoto imekufa. Ya kulia inasikia! Sauti ya kwanza ilikuwa kijiko kwenye kikombe. Ya pili ilikuwa mke wangu, akianza upya yote aliyoyasema Alhamisi, kwa utaratibu, hakuruka kitu.

Nikawaarifu Barazani. Vigelegele vya maandishi! Fundi Magurudumu akasema marehemu mama yake aliacha mashine ya sikio la kushoto, ya aina kama yangu. Imekaa kwenye kabati mwaka mzima na hakuwahi kuona wa kumpa. Ataituma, niipeleke kliniki wairekebishe inifae. Nilianza kumwandikia jibu la maana. Aya tatu. Nikazifuta. Nikaandika: asante sana, mwanangu. Jibu halikuwa na kitenzi.

Kisha Fundi Cherehani akaniandikia pembeni. Alisema hawakunizuia kwa sababu walidhani nimechoka kweli. Walijua habari za vidole vyangu. Waliona kumng'ang'ania mzee mgonjwa ni ukatili. Alisema waliniachia niende kwa heshima.

Maelezo dhaifu. Heshima gani hiyo isiyopiga kelele?

Jumapili, 9 Juni

Nimekabidhi funguo. Fundi Cherehani ametoa hotuba ya sentensi tano, zote na vitenzi. Halafu akatangaza cheo kipya: Mwelezaji wa Picha wa Baraza. Kuanzia leo picha isiyo na maelezo haitafutwa; italetwa kwangu niieleze, kwa kuwa, alisema, aliyesikia ule mkia wa y hawezi kuusahau. Cheo! Kimeundwa kwa ajili yangu! Nilijipangusa macho. Mke wangu akasema kumbe binti ana akili, amemtafutia mzee kazi ya kukaa.

Saa nne asubuhi nikaletewa picha ya kwanza: tairi. Nimeieleza kwa maneno mia na kumi, kuanzia asili ya mpira.

Saa nane mchana nimeangalia. Makopa mawili. Mawili! Moja la Fundi Cherehani. La pili ni langu, na safari hii kidole hakikuteleza.

Nimeamua. Ninajiuzulu.

Wiki hii imenifunza mengi. Kosa langu nimeliona: lilikuwa karatasi. Ile ya Jumatatu ilikuwa na mistari, na mistari hupunguza uzito wa maneno. Leo nimetumia isiyo na mistari. Kalamu ya wino. Tone limeruka tena, shati lilelile, juu ya mfuko uleule. Nimelivua, nimelitundika kwenye kiti. Mashine ya kulia, ile iliyopona, nimeitoa ili nisisumbuliwe. Nimeitia mahali pake, pale ninapoitia siku zote.

Barua imekamilika. Inapendeza! Nimeipiga picha, nimeibandika. Ninasubiri.

Mke wangu yuko mlangoni na beseni, anapanua mdomo. Nimeitikia kwa kichwa.