Nilivyotengeneza Taa za Dashibodi Nikazuia Kivuko

Jamani, nimeaibika. Na siyo kidogo. Nimeaibika mbele ya kivuko kizima, pamoja na lori la dagaa na baba mkwe.

Iko hivi. Taa za dashibodi ya kigari changu zilikufa zamani. Giza likiingia, mita zote zinakuwa nyeusi kama masufuria ya msibani. Ukiniuliza nakwenda spidi ngapi nakujibu, "Ya wastani." Mke wangu Neema kila siku ananiambia nipeleke kwa fundi. Fundi wa nini? Mwanaume mzima, nina bisibisi, nina simu!

Basi leo asubuhi nikaingia kazini, hapa hapa nyumbani Mkolani. Nikapata video ya jamaa mmoja anaongea lugha ambayo sijui hata ni ya nchi gani, lakini mikono yake inaeleweka. Akafungua dashibodi, nikafungua. Akachomoa mita, nikachomoa. Aking'oa mshale wa spidi na wa mafuta ili atandike nailoni ya bluu nyuma ya namba, na mimi nang'oa. Nikatandika. Nikabadilisha balbu. Mpaka hapo mimi ni mhandisi kamili.

Bando likakata.

Likakata jamaa kashika mshale mkononi, anataka kuurudisha. Mtu mwenye akili angeongeza bando. Mimi nikasema mshale ni mshale tu, una ugumu gani? Wa spidi nikaubandika pale ulipopendeza. Wa mafuta nikakadiria. (Kabalbu kamoja kalibaki kwenye mkeka. Nikakatia mfukoni. Wajapani nao wanazidisha vifaa, kila mtu anajua.)

Nikawasha. Mungu wangu! Bluu tupu, kama tangi la samaki wa mapambo! Na mafuta yamejaa mpaka juu. Jana yalikuwa karibu na mwisho, nikahisi Neema kaniwekea kimyakimya. Neema huyu huyu, ambaye hata upepo wa tairi anasema si idara yake. Nikaguswa sana. Nikamtumia meseji ya mapenzi. Akajibu: "Umelewa?"

Nikaenda Kirumba kumchukua baba mkwe. Mzee kavaa suti yake ya kijivu, ile ya shughuli nzito, maana leo Sengerema kulikuwa na kikao cha mahari ya mjukuu wake na yeye ndiye msemaji wa familia. Bila yeye hakuna neno linalosemwa. Tungeweza kuzunguka darajani, lakini Baba anapenda kivuko. Anasema daraja halina upepo.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mbona humu ndani kumekuwa baa?"

"Nimezitengeneza mwenyewe, Baba!" (Aliyeniuliza nani?)

Tukaondoka. Mshale ukasema themanini. Nikapunguza mwendo, nimebeba mkwe, siyo mahindi. Bajaji ikatupita. Nikashangaa vijana wanavyokimbiza vyombo siku hizi. Akatupita mtu wa baiskeli na mkungu wa ndizi. Huyo hata kengele hakupiga.

Baba akakohoa. "Kuna shida, mkwe wangu?"

"Hapana Baba. Nazingatia sheria."

Akatazama saa yake. Tulipofika kituo cha mafuta akauliza kama hatuongezi. Nikagonga kioo cha mita kwa kidole, taratibu, kwa madaha. "Baba, tumejaa."

Kivukoni tukakuta magari yanaingia. Mhudumu akanipungia nipande. Nikakanyaga, tairi za mbele zikaingia kivukoni, za nyuma ziko nchi kavu, gari likazima. Nikapiga stata. Nyee-nyee-nyee. Nikapiga tena. Nyee. Nyuma yangu lori la dagaa likapiga honi mpaka ndege wakaruka kwenye mawe.

"Wewe wa taa za bluu! Ingia au toka!" mhudumu akafoka.

"Ni betri!"

"Una mafuta?"

"Nimejaza! Njoo uone mwenyewe!"

Hapa ndipo ningefunga mdomo. Badala yake nikafungua mlango ili umma wote ushuhudie. Na umma ulikuja. Akina mama na madishi yao, wasafiri, mpaka mtu wa kukata tiketi kaacha kibanda. Wote wanachungulia dashibodi yangu. Gari limesimama kimya kabisa. Mshale wa mafuta uko juu. Ule wa spidi umetulia kwenye arobaini.

Baba mkwe akauangalia kwa muda. Halafu, kwa sauti ile ya msemaji wa familia, akasema:

"Mkwe wangu, kabla sijashuka, punguza kwanza mwendo."

Kivuko kililipuka kwa kicheko. Mama mmoja mwenye dishi la sato alijishika ubavu: "Kama amesimama yuko arobaini, huyu akiondoka si atapaa!" Kuna mtu alikuwa anarekodi. Kuna watu wengi walikuwa wanarekodi.

Wakanisukuma kurudi nyuma. Baba naye akavua koti, akalikunja vizuri, akasukuma. Nikamwambia aache, akasema anataka kuona kama tutafika hamsini.

Kivuko hakingoji mtu. Baba akapanda kwa miguu, dereva wa lori akampa lifti. Mara ya mwisho nilimwona kwenye kiti cha mbele cha lori la dagaa, suti ya kijivu, mgongo umenyooka, ananipungia mkono kama rais. Mimi nimebaki ufukweni na kidumu, natafuta bodaboda anifikishe kituo cha mafuta.

Jioni akapiga. Nikapokea nimesimama.

"Nimefika salama. Kikao kimeenda vizuri. Wenyeji wamenipokea, na paka wao pia wamenipokea. Hawataki kuniacha."

"Baba, naomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Lori lile lina mshale mmoja tu unaofanya kazi, na limenifikisha."

Akakata. Dakika hiyo hiyo video ikaingia kwenye grupu la ukweni. Aliyeituma ni Neema.

Kwa hiyo naomba sana, humu asicheke mtu. Ukweni wameshacheka kwa niaba ya taifa.