Proksi, Nasambu na Firigisi

Jumatano, 12 Machi 2025
Ukungu umelala juu ya mtaa wetu wa Shirere, nami nimelala chini yake nikimuwaza Nasambu. Mama yake, Maximilla, mwenye ploti tunayopanga, ametangaza: atakayemsaidia binti yake na mradi wa kompyuta, unaowasilishwa Jumatatu jioni, atakula firigisi ya kuku Jumapili. Firigisi! Kwetu hupewa mwenye boma, au mgeni wa heshima. Mimi nimesikia: mkwe. Jirani yangu Jairus naye amesikia. Simpendi.

Alhamisi, 13 Machi
Chuoni na Nasambu. Mtandao wa pale haupatikani hivi hivi. Lazima kompyuta iambiwe ipitie proksi, yaani lango la chuo. Nikafungua terminal, ile skrini nyeusi ya amri. Nikaandika export https_proxy na anwani ya lango. Faili zikashuka kama mvua ya saa kumi! Nasambu akanitazama. Nikaona nyumba yetu, maua mlangoni, watoto wapole. Katika kuota nikaifunga terminal. Nikafungua nyingine: mpangilio umepotea. Jairus ana mkono hapa.

Ijumaa, 14 Machi
Dawa imepatikana. Nimeiandika amri ile ndani ya .bashrc, faili ambayo terminal huisoma kila inapofunguliwa. Sasa haipotei, kama mapenzi yangu. Nimemwambia Nasambu amalizie nyumbani, kwa wifi ya mamake, bila wasiwasi.

Jumamosi, 15 Machi
Nyumbani hakuna kinachoshuka. Nasambu karibu alie. Jairus amepita na kikombe cha chai, akaeleza bila kuulizwa kwamba kompyuta bado inatafuta lango la chuo, na lango hilo halifikiki kutoka huku. Wivu mtupu. Nikamwambia Nasambu ni mawingu. Nikakaa dirishani kusubiri yapite. Yalikuwa mazuri ajabu. Moja lilifanana na jogoo. Nilipogeuka, Jairus alikuwa ameandika unset https_proxy, amri ya kuondoa lango, na kufuta mstari wangu kwenye .bashrc. Faili zikashuka. Nasambu akacheka kwa furaha. Roho imeniuma, sifichi.

Jumapili, 16 Machi
Jairus amekula firigisi. Polepole, makusudi. Mimi nimepewa shingo. Nasambu aliniletea mwenyewe, akasema kwa upole, "Willis, wewe unaota sana mchana."

Jumatatu, 17 Machi
Nimeyawaza maneno yale usiku kucha. Amejuaje kwamba naota, kama hanitazami? Ananipenda!
Mchana huu ameacha laptop kibarazani, akakimbia kuanua nguo kabla ya mvua. Jioni atatuma mradi kwa terminal kutoka hapa hapa nyumbani. Nimemrudishia mstari wangu kwenye .bashrc, na mwingine kwenye .profile, faili nyingine inayosomwa mtu anapoingia kwenye kompyuta, Jairus asiuone. Hajui bado. Nataka ashtuke mwenyewe.
Mawingu leo yanapendeza kweli.