Kisanduku cha Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Bwana Albamu amerudi likizo. Jina hilo nimempa mimi, mwenyewe halijui. Anakaa meza ya pili kutoka kwangu hapa ofisi ya leseni, na tangu asubuhi hajagonga hata mhuri mmoja. Picha tu. Yeye na mkewe kisiwani. Yeye na mkewe kwenye mtumbwi wa plastiki, kila mtu na kasia lake. Yeye na mkewe wananing'inia kwenye kamba juu ya miti kama nguo zilizoanikwa. Akaniuliza, kaka, nyinyi mnakwenda lini? Nikasema tuko mbioni.

Bahari si kitu. Kilichoniuma ni yule mkewe. Kila picha anacheka, kichwa kimeenda nyuma, ufizi wa juu wote nje. Wangu alicheka hivyo mbele yangu lini? Sikumbuki. Anafanya kazi kiwanda cha mikate. Anatoka saa kumi alfajiri, mimi nakoroma. Narudi saa kumi na mbili jioni, saa moja yeye kalala. Tunazungumza kwa vikaratasi kwenye mlango wa friji. Cha leo: "Gesi inaisha." Nikajibu: "Sawa." Ndoa ya miaka kumi na saba.

Nimeamua. Kisiwani, watu wawili, siku sita, wiki ya mwisho ya mwezi. Kupiga kasia, kupiga mbizi, baiskeli, milima, hakuna kukaa. Nataka acheke vile, na awe anacheka na mimi. Ni siri mpaka siku ya kufunga mizigo.

Jumanne, 4 Juni

Kampuni ya safari imenitumia fomu. Kurasa nne, visanduku arobaini! Kwa fomu mimi usiniambie kitu. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikirudisha fomu za watu kwa kisanduku kimoja kitupu. Wengine wamelia mbele yangu. Kisanduku kitupu ni uzembe. Kufuta ulichoandika ni uzembe mara mbili.

Kuogelea: "mzoefu sana." Ukweli ni kwamba maji yakinipita magoti natafuta cha kushika. Kupiga kasia: mzoefu sana. Baiskeli milimani: mzoefu sana. Mke wangu nikamwandikia "anaanza," maana lazima awepo wa kufundishwa, na nilishajiona nikimshika kiuno namwelekeza. Namba yake ya simu nayo nikaijaza. Kisanduku kilikuwepo.

Kisha kisanduku cha thelathini na moja: "Mwenzako anapenda nini kuliko vyote?"

Kalamu ikagoma. Nikachemsha chai, ikapoa. Najua anavyopiga chafya, najua anakoficha sindano. Anachokipenda sikijui. Nikachungulia chumbani, kalala na mkono chini ya shavu, nikaona haya kumwamsha kwa swali kama hilo. Ningemwambia nini, kwamba nimesahau? Au kwamba sikuwahi kuuliza?

Kukiacha kitupu siwezi. Nikaandika "mkate," nikatuma haraka.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi ya siri. Saa ya chakula cha mchana bwawa la manispaa ni la wastaafu. Mabibi wanane na mimi. Mwalimu nilimwambia kuogelea najua, nimekuja kukumbushia tu. Akasema, baba, kushika ukuta siyo kuogelea.

Nikajikaza kisabuni, nikaachia. Mabibi wawili wakaniopoa, mmoja huku akiendelea kusimulia visa vya mkwe wake. Nimerudi ofisini na maji masikioni, nikagonga "Imekataliwa" kwenye fomu tatu zisizo na kosa.

Jumanne, 11 Juni

Leo ilikuwa zamu ya kumwombea mke wangu likizo, bila yeye kujua. Ofisini nimesema nakwenda kwa daktari wa meno. Nikaenda kiwandani kwa mlango wa nyuma.

Nikamwona kabla ya kumwona msimamizi. Amesimama kwenye meza ya kukandia na wenzake wanne, nyusi zimejaa unga, na alikuwa anacheka. Kichwa nyuma kabisa. Sikusikia walichokuwa wanasema, mashine zilikuwa zinanguruma. Nikasimama nyuma ya magunia nikimtazama mke wangu kama mtu anayetazama harusi ya jirani kupitia uzio. Nilimtamani, nasema kweli. Nilitamani hata kuwa yule mama mnene aliyemchekesha.

Msimamizi akanikuta hapo hapo. Akasema, shemeji, karibu, mbona ndani ya unga? Nikamweleza kwa kunong'ona. Akashangaa. Mke wangu ameshaomba likizo mwenyewe, tangu wiki iliyopita. Siku sita. Wiki ya mwisho ya mwezi. Alidhani najua. Nikasema najua, najua sana, nilikuja kuhakikisha tu.

Anakwenda wapi? Na nani? Mchana huu sikula.

Ijumaa, 14 Juni

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina kurasa nne.

Ratiba imefika kwenye simu saa nane. Mimi, kwa uzoefu wangu mkubwa, nimepangwa kundi la mabingwa. Tunaondoka kwa mitumbwi saa kumi na mbili asubuhi kwenda mwamba wa mbali, tunarudi jioni, siku zote sita. Mke wangu, kwa kuwa anaanza, hatakuwa nasi. Ila nisiwe na wasiwasi, wameandika, kwa sababu wamezingatia kisanduku cha thelathini na moja. Wamempangia zawadi: atakuwa jikoni na mwokaji mkuu wa hoteli, akioka mikate, kila siku kuanzia saa kumi alfajiri.

Chini kabisa: "Nakala: mwenzako."

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Alikuwa macho, ameketi mezani, simu mbele yake. Akaniuliza kuogelea nilijifunza lini. Nikasema Alhamisi. Hakucheka. Akauliza hiyo habari ya mkate. Nikasema kisanduku kilikuwa kitupu.

Akalia, taratibu, bila kelele. Akasema ana miaka sita hajatia mkate mdomoni, harufu yake tu inamchosha, je, sijaona? Sijaona. Hapo nikajikaza nikamuuliza hizo siku sita alizoomba anakwenda wapi na nani. Akanitazama kama aliyeulizwa na mgeni. Akasema hakuwa anakwenda popote. Aliziomba ili aamke ninapoamka mimi, tunywe chai pamoja, anione mchana. Akasema, nimesahau unavyofanana mwangani.

Nikamshika mkono. Akasema ile safari niifute, niombe likizo na mimi, tukae. Nikamwahidi.

Jumatatu, 24 Juni

Siku ya kwanza ya likizo. Safari nimeifuta. Bwana Albamu nimemwambia tumeahirisha kwa sababu ya mawimbi.

Tumeamka pamoja saa moja. Kumbe ana mvi mbili juu ya sikio la kushoto, zinampendeza, nikamwambia. Akaona haya kama msichana. Tukaketi dirishani na chai. Nikachovya biskuti, ikakatika, ikazama kikombeni, nikaitafuta kwa kijiko, kijiko nacho kikazama. Akacheka! Kichwa nyuma, ufizi wote, machozi yakamtoka, akanishika bega asianguke kwenye kiti. Sijapata raha kama hiyo tangu nioe.

Nikafikiri. Mimi si mtu wa kuacha jambo bila kulifikiri. Ikiwa biskuti moja imemchekesha hivi, mtumbwi utamfanyaje?

Nimejiandikisha mafunzo ya kupiga kasia, leo mpaka Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Siku sita kamili, bahati iliyoje kuwa nazo. Fomu ilikuwa fupi, nimeijaza yote. Yeye nimemwambia nimeitwa ofisini kwa dharura. Akauliza, wiki nzima? Nikasema ndiyo, mambo ya serikali. Alibaki mlangoni na kikombe mkononi mpaka nikakata kona. Inauma kumficha, lakini atanishukuru.

Naandika hapa bwawani nikisubiri kuitwa, nimeshavaa jaketi la kuelea. Alitaka kuniona mchana. Mwakani, kisiwani, ataniona mchana kutwa.