Gambuti Mpya za Baba Mkwe

Jamani, leo nimejimaliza mwenyewe.

Mnajua mimi ni karani wa kituo cha majani chai huku karibu na Itumbe. Nakagua majani wanayoleta wakulima, napima. Mnajua pia baba mkwe aliniruhusu nifanye kazi kwa sharti moja: "Siku heshima itapungua, kazi itaisha." (Mshahara wenyewe ulipita bila sharti.)

Sasa, kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Miaka sita namjua mzee kwa miguu. Nikiona vile viatu vikuukuu, kidole kikichungulia, nainamisha kichwa. Juzi nikampa mume wangu pesa amnunulie baba gambuti, vile viatu virefu vya mpira. Akanunua, akapeleka, akabarikiwa yeye. (Mwanamume ndiye hununua, bwana. Mimi sikuonyeshwa hata rangi.)

Leo saa nane foleni ilikuwa ndefu. Mtu akamwaga gunia mezani. Majani gani yale! Magumu, makuukuu, vijiti vya kuwashia moto. Nikachungulia chini: gambuti za kijani, zinang'aa. Mgeni huyu, nikajiambia. Nikapaza sauti:

"Nani amechuma hii? Ama ni ng'ombe? Rudisha nyumbani!"

Watu wakacheka. Kisha wote wakaanza kutazama pembeni. Sauti ninayoijua ikasema polepole:

"Ni mimi, karani."

Nikainua uso nikamtazama machoni, waa! (Makosa mawili kwa dakika moja. Mimi ni hodari.) Kazi yangu niliiona ikiondoka. Mzee akafunga gunia lake, akaenda.

Jioni nikaitwa. Baba mkwe, mume wangu na ami zake wawili. Kabla ya kuhukumiwa nikatumwa nipikie mahakimu chai. (Maziwa yangu, sukari yangu.) Wakanywa vikombe viwili viwili bila haraka, mimi nimesimama mlangoni na birika. Mwishowe mzee akakohoa.

"Kazi usiache. Karo ya watoto iko karibu."

Nikashusha pumzi.

"Lakini kwa vile unajua majani mazuri sana, kuanzia kesho utachuma yangu kabla ya kwenda kazini."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. "Baba ameongea vizuri."

Tafadhali, msinicheke. Saa kumi na moja alfajiri niko shambani kwa mzee. Na nikichuma vibaya nitayakataa mwenyewe, tena kwa sauti ile ile.