Kuhesabiwa Watu Sita kwa Sababu ya Bwawa la Kuogelea

Filbert Melkior,
Nyumba ya Wageni, Marangu.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mfongo.

Mzee wangu Kastori,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na ng'ombe amezaa salama. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umechafuka. Ndiyo maana nimechukua kalamu badala ya kuja kwako. Nikija tutakunywa mbege nami nitasahau hasira yangu, na hii sitaki kuisahau.

Kamati yako imeamua kwamba Jumamosi za kusafisha mfongo, huu mfereji wetu tulioachiwa na mababu, kila nyumba itatoa watu kulingana na maji inayotumia. Zamani ilikuwa nyumba moja, mtu mmoja, jembe moja. Sasa mimi natakiwa kuleta watu sita, na jirani yangu wa chini, Redempta, mtoto wa baba yangu mdogo, ameambiwa aje Jumamosi moja na kupumzika inayofuata. Sababu mliyoitoa ni bwawa langu la kuogelea. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Nyumba ni nyumba. Yangu ina vyumba vingi na ya Redempta ina viwili, lakini zote zina mlango wa mbele. Mumewe, Denis, aliumia mgongo akibeba mizigo ya wageni mlimani, kwa hiyo kila Jumamosi Redempta alikuja mwenyewe bila kukosa. Mimi nilimtuma mlinzi. Kwake mtu mmoja, kwangu mtu mmoja. Kama huo si usawa, basi sijui tulisomea nini.

2. Nimetembea nchi za watu, Mzee, na naomba nikueleze, maana najua wanakamati hawajapata nafasi hiyo. Ufini, tajiri akiendesha gari kwa mwendo wa kasi, faini yake inaweza kupimwa kwa kipato chake. Kosa ni lilelile, lakini maskini hulipa kidogo na tajiri hulipa mpaka anatafuta kiti. Denmaki, mwenye kipato kikubwa hukatwa kodi kubwa, kisha anamtazama mtoto wa mfagiaji akisoma chuo kikuu bila ada, na hasemi kitu! Kule sikupata usingizi hata kidogo. Dubai mshahara haukatwi kodi, na huko nililala vizuri sana. Sasa kamati yetu ilikaa wapi ikaamua kuwaiga Wafini, wakati siku hizi hata theluji ya mlima wetu haitoshi?

3. Hapa nchini tuna mfano mzuri na hatuutumii. Kodi iliyomo ndani ya mche wa sabuni haimuulizi mtu ana nini. Redempta anailipa sawasawa na mwenye hoteli. Tena yeye hufua kila siku kwa sababu ya mgonjwa, na sijawahi kumsikia akinung'unika. Watu wa namna hii wamezoea kubeba. Ukiwapunguzia mzigo ghafla unawavuruga.

4. Mnasema bwawa linameza zamu ya maji ya watu wa chini, na kwamba migomba ya Redempta imekauka. Nimeiona, na inasikitisha. Msimu huu hana hata mkungu mmoja wa kupeleka sokoni. Lakini bwawa nalo likikaa tupu vigae hupasuka, na vigae vile vilitoka mbali, wakati migomba imezaliwa hapahapa. Isitoshe, wageni wangu hupenda maji yasiyo na dawa, yaliyotoka mlimani moja kwa moja.

5. Matajiri wa huko nje, kodi ikiwabana, hawagombani na mtu. Huhamishia mali kwenye jina la mwingine, na mali yenyewe haisogei hata kidogo. Nami nimefanya hivyo. Kuanzia Jumatatu bwawa si langu tena. Ni la marehemu bibi yetu Ndelilio. Kwa desturi ya mfongo, mjane kikongwe hatoi mtu na wala hanyimwi maji, na huwezi kupata kikongwe kumzidi yeye, aliyelala pale nyuma ya mibuni. Ili msiseme nafanya kwa siri, nimesimamisha kibao kando ya bwawa: MALI YA BIBI NDELILIO NA WAJUKUU WAKE. Hilo la wajukuu nililiongeza kwa heshima tu.

6. Kwa kuwa sasa sina bwawa, mimi ni mnyonge wa maji. Naomba nami nipumzishwe, na Jumamosi zangu azifanye Redempta, kwa vile atakuwa na nafasi.

Naomba barua hii isomwe mbele ya kamati, taratibu, na ile sehemu ya Dubai irudiwe. Nisalimie Mama Agness, Gladness na wanawe, Padre ukimwona, na vijana wote wanaolinda banio la kugawa maji kule juu.

Wako mtiifu katika mfongo,
Filbert Melkior
(asiye na bwawa)

Nyongeza: Mzee, nilikuwa nafunga bahasha mlinzi alipokuja mbio. Redempta amesoma kibao. Naye ni mjukuu wa Bibi Ndelilio, jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa. Amefungua koki ya chini ya bwawa, na kwa jembe lake la Jumamosi ameyageuzia maji shambani kwake. Denis amekaa kwenye kiti cha wageni, miguu majini, anasema mgongo unapoa. Nilipomwambia Redempta aache, alinijibu kwa upole kwamba anachukua fungu lake tu, nami nichukue langu, na kwamba wajukuu walioko Chekereni wameshapigiwa simu. Nimemwonyesha karatasi niliyoandika ya kumhamishia Bibi bwawa, lakini karatasini jina langu halimo.

Futa yote niliyoandika hapo juu. Bwawa ni langu, langu peke yangu! Nihesabu watu sita, nihesabu hata saba, wa saba nitakuja mwenyewe na jembe. Ila njoo sasa hivi uandike mbele ya mashahidi kwamba ni langu, kabla wa Chekereni hawajafika. Maji yameshaingia migombani.