Akida Abdulghani Afungua Nyumba ya Wazee wa Nyakahanga

(Hotuba iliyotolewa Nyakahanga, nchi ya Karagwe, enzi za Wadachi, siku ya sherehe ya kuzaliwa Kaisari. Akida Abdulghani bin Seif amesimama juu ya jukwaa jipya lenye paa la nyasi. Wazee wamekaa chini, juani.)

Mheshimiwa Bwana Mkubwa wa Boma, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo. Mheshimiwa msaidizi wake, ambaye naye hayupo na kiti chake kimekaliwa na kanzu yangu ya akiba. Waheshimiwa wakungu, wakuu wa vijiji vya Rugera na Chonyonyo, mlioalikwa kwa heshima na kuletwa na askari. Waheshimiwa wenye maduka, wake zenu na mizani zenu. Wazee wangu wa kike na wa kiume, mlio na meno na msio na meno: shikamooni. (Wachache wanaitikia marahaba. Wengine wanalitazama paa.)

Mimi, Akida Abdulghani bin Seif, mtumishi mnyenyekevu wa serikali, fundi wa Kiswahili cha mrima, na mtu wa kwanza katika nchi hii kumiliki mwavuli unaofunguka, nina furaha kuwaarifu kwamba serikali, baada ya kukaa, na baada ya kukaa tena, imeona kwa macho yake yote kwamba mzee ni hazina, na kwamba hazina haiachwi izagae ovyo, bali huwekwa pamoja, mahali pakavu, penye ulinzi. Ndipo ikatungwa plani, ambayo niliitunga mwenyewe nikiwa nimelala chali, nayo inaitwa Plani Kuu ya Kuwakalisha Wazee kwa Ordinungi. Ordinungi, kwa ambao hamjafika Boma, ni neno la Kidachi, maana yake kila mtu awe pale alipoambiwa awe. (Mbuzi anakohoa.)

Ninyi ni mashahidi. Vuli ilipokwisha nilipita nyumba hadi nyumba nikiwaomba kila mzee atoe nguzo ya mti wa msambya, mzigo wa nyasi na mkungu wa ndizi, ili ijengwe Nyumba ya Wazee, yenye moto usiozimika, pombe ya lubisi kwa wanaokunywa, kahawa ya kutafuna kwa wote, na nyasi laini sakafuni, ambamo asiye na mtoto atapata wajukuu na asiye na mke atapata wa kugombana naye. Nanyi mlitoa. Kwa mujibu wa statistiki, wazee tisa katika kila kumi walitoa kwa hiari, na yule wa kumi alitoa baada ya kuelezwa hiari ni nini. (Kicheko kifupi upande wa askari.) Ndizi, najua mtauliza, ziko salama. Zimehifadhiwa na askari, ndani kabisa, mahali ambapo mwizi hawezi kuzifikia. (Askari mmoja anajipapasa tumbo.)

Sipendi kutaja watu, lakini nitamtaja Bi Mwaja, mjane wa marehemu Saleh aliyekuwa akiuza shanga na chumvi hapa hapa, mama aliyekuja na msafara wa pwani akiwa msichana, na mpaka leo hana mtoto wala ndugu ila sisi. Bi Mwaja hakuwa na nguzo ya kutoa. Akida mwingine angekata tamaa. Mimi niliingia nyumbani kwake, nikatazama, nikaiona nguzo ya kati, imenyooka, nyeusi kwa moshi, nguzo ninayoijua vizuri, maana nilipofika nchi hii nikiwa mpagazi mwenye homa niliiegemea mwezi mzima huku mama huyu akininywesha uji. Nikasema kazi bora yataka nguzo bora. Ikang'olewa. (Sauti ya Bi Mwaja, haina haraka: "Paa likaanguka, mwanangu.")

Shikamoo, Bi Mwaja. Ni kweli paa lilianguka, lakini lilianguka upande mmoja, kwa ordinungi. ("Masika hayo yanakuja. Nimelala kwa Ndyanabo, nimelala kwa Maua, nimewachosha watu. Nitalala wapi?") Swali zuri sana, nami nalipokea kwa niaba ya serikali, na likishapokewa, Bi Mwaja, si lako tena, ni la serikali, wewe pumzika. ("Hujatuchosha, mae, mama yetu," anasema mzee Ndyanabo, jirani yake, mkulima wa ndizi. Anainuka kwa fimbo yake, anakwenda mpaka kwenye jukwaa, anaigonga nguzo ya kwanza, anainama kuitazama chini.)

Kama mnavyoona, wazee wanasogea wenyewe kuja karibu na serikali yao, jambo ambalo zamani halikuwapo. Zamani mzee aliyeishiwa nguvu alitegemea majirani, yaani mtu mmoja analeta kuni, mwingine maji, mwingine ndizi za kuchoma, bila kibali, bila zamu, kila mmoja ajuavyo. Fujo tupu. Katika plani yangu, kuni zitaombwa Boma, Boma litauliza ni kuni za nini, jibu litarudi, na kwa muda wote huo mzee atakuwa anajua kwamba anashughulikiwa. ("Hii ni yangu," anasema Ndyanabo. "Mbuzi wangu aliitafuna hapa." Wazee wengine wanainuka. Mmoja anaipapasa nguzo ya pili kama mtu anayemtambua ng'ombe wake.)

Naona mapenzi ni makubwa. Tafadhali msiziguse nguzo, zimebeba serikali. Niendelee. Watu hunisifu kwamba nina huruma, nami siwakatazi. Nani aliwaletea wazee wa Chonyonyo amri ya kufurahi? Ni mimi. Nani alisema bibi yeyote asiyeweza kutembea asamehewe kulima barabara, akileta mtu wa badala yake? Ni mimi huyu. (Nguzo ya kushoto inatikisika. Akida anashika kiti cha Bwana Mkubwa.)

Sasa tuitikiane. Nikisema Mzee, semeni Aketi. Mzee! ("Wapi?" anajibu Bi Mwaja. Watu wanacheka, na safari hii hata askari.) Mzee! (Wazee wanazichimbua nguzo. Wana kazi.) Wazee Kwanza, Ordinungi Daima!

Basi nimalizie kwa shukrani, maana asiyeshukuru kwa kidogo hata kikubwa hashukuru. Bila nguzo zenu na nyasi zenu, Bwana Mkubwa angekosa kivuli, na bila kivuli asingealikwa, na kama asingealikwa asingepata nafasi ya kutofika. Jukwaa hili ndilo awamu ya kwanza. Nyumba ya Wazee yenyewe ni awamu ya pili, ambayo kiwanja chake hakijachaguliwa, Boma halijaambiwa, na Bwana Mkubwa, kila nikimtajia wazee, huniuliza wazee gani. Asanteni kwa kuifanikisha.

(Wazee hawapigi makofi, mikono yao imejaa. Nguzo za pembeni zinatoka moja moja, kila moja na mwenyewe. Paa linashuka polepole na kumfunika Akida, ikibaki ncha ya mwavuli.)

Tulieni. Awamu ya kwanza imefungwa rasmi. Askari! (Askari wawili wanasogea, wanaitazama nguzo ya kati, ile nyeusi kwa moshi, wanaona ni nzito kwa wazee, wanaweka bunduki chini na kuibeba. Ndyanabo yuko mbele. Maua na wanawake wenzake wamekwisha kujitwisha nyasi. Msafara unashika njia ya kwa Bi Mwaja.)

Jamani, hotuba ina dua ya mwisho. (Hakuna anayegeuka isipokuwa Bi Mwaja. Anarudi, anaziondoa nyasi juu ya kilemba cha Akida, anamtazama usoni.) Bi Mwaja, jua limenipiga. Uji upo?

("Uji haukosekani. Lakini kwanza nenda ukashike pale nyuma, wanalemewa." Akida anakunja mwavuli, anashika. "Shimo lake bado lipo," anasema Bi Mwaja akitangulia njia. "Hapo hapo ulipokuwa ukiegemea, mwanangu.")