Malalamiko Kuhusu Zoryana wa Ghorofa ya Tano na Miruko Yake Mitatu

Ndugu Mhariri,

Mimi Yukhym Shcherbatiuk, fundi saa mstaafu wa hapa Chernivtsi, naomba kwa unyenyekevu nafasi katika gazeti lako nimlalamikie jirani yangu Zoryana Kovtunets, mwanariadha wa miruko mitatu. Binti mwenyewe ana adabu. Kinachonitesa ni umaarufu wake.

1. Alipokuwa na miaka kumi alirukaruka juu ya dari yangu hadi saa zangu zikapoteza majira. Nikapanda kumgombeza. Akasema, "Nisamehe, babu Yukhym, miguu haitulii!" Nikamjibu, "Basi karukie uwanjani!" Akaenda kweli. Leo kocha wake anatangaza kila mahali kwamba ni mimi niliyemtuma. Sikutuma mtu. Nilifukuza.

2. Mwaka juzi goti lake liliumia, akakaa ndani miezi minane. Nilitarajia utulivu. Badala yake ngazi zilijaa wageni na sufuria. Mke wangu Odarka alimpelekea varenyky, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, nilivyovinusa tangu asubuhi. Nilipolalamika, akaniuliza, "Kwani wewe goti lako linaruka wapi, mzee?"

3. Akapona. Katika shindano la kwanza alikanyaga nje ya ubao wa kurukia mara zote tatu, bendera nyekundu tatu, hakuna hata mruko mmoja uliohesabiwa. Nikajua umaarufu umekwisha. Wapi! Watu walizidi kumpenda. Daktari wangu wa meno aliniacha kinywa wazi kwenye kiti, akaenda dirishani kujifuta machozi kwa ajili yake.

4. Mwezi uliopita king'ora cha mashambulizi ya anga kililia, tukashuka sote chini ya jengo, mahali ambapo mtu mstaarabu huogopa kimya kimya. Kumbe siku hiyo Zoryana anashindana fainali za Ulaya. Mtu akawasha simu. Aliporuka mita kumi na nne na sentimita sitini na mbili, akatwaa medali ya fedha, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba hatukusikia tangazo kwamba hatari imepita. Tulikaa mle saa nzima zaidi, tukiimba. Watu wazima, Ndugu Mhariri!

Kwa hiyo naomba gazeti lako limshauri ahamie mchezo wa kukaa, kwa mfano sataranji. Akikataa, ahamie mji mwingine.

Nisalimie wote hapo ofisini, na yule mama wa mapokezi anayeshusha pumzi kila akiona mwandiko wangu.

Wako mwenye kero,
Yukhym Shcherbatiuk

Tanbihi: Nilikuwa nabandika stempu Odarka alipoingia macho mekundu. Klabu moja ya ng'ambo imemwita Zoryana, na mkataba ni wa miaka minne. Nimepanda kwake mara moja. Nikakuta masanduku mlangoni. Akasema, "Bado sijatia saini, babu. Nilidhani hapa nimewachosha." Nimeshuka nikigonga kila mlango wa jengo. Tafadhali usichape barua hii. Chapa orodha niliyoambatanisha, ya wakazi themanini na watatu wanaomsihi abaki. Jina la kwanza ni langu. Limeandikwa mara mbili, asije akasema hakuliona.